Uhuru Park: bustani ya watu wote katikati ya Nairobi

Uhuru Park ni bustani kubwa katikati ya muji wa Nairobi, inchini Kenya, pembeni ya barabara Uhuru Highway. Raisi Jomo Kenyatta aliifungua mwaka wa 1969. Iko na majani, miti na ziwa dogo lililochimbwa na watu. Kwa mutu wa Masisi, majani na kivuli si kitu cha kushangaza. Lakini mu muji wenye etaje na magari mengi, kiwanja kama hicho kinatamaniwa sana.

Mwaka wa 1989, KANU, chama kilichotawala, kilitaka kujenga hapo jumba la etaje 60. Mama Wangari Maathai wa Green Belt Movement aliandika barua nyingi kwa serkali na kwa watu wa inje. Wabunge walimuchekelea, lakini hakuacha. Mwishoni wenye pesa walijiondoa, kazi ikasimama. Mwaka wa 2004 alipata tuzo ya Nobel ya Amani. Tarehe 27 mwezi wa 8, 2010, katiba mupya ya Kenya ilitangazwa palepale.

Basi mwenye kufika Nairobi na kuketi kule chini ya muti, ajue kama kiwanja hicho kilipona kwa sababu kuna watu walikataa kunyamaza.