Swali la Kwanza la Mashine

Mwaka 1915 reli ipitayo Voi ilikuwa njia ya hatari. Wajerumani walikuwa wameishika Taveta, na askari wao walivuka nyika kwa siri wakatega baruti chini ya vyuma. Basi garimoshi likawa linasukuma mbele yake behewa lililojaa mchanga, njia ijaribiwe kwa mchanga kabla ya watu.

Kompyuta nayo ina behewa lake la mchanga. Kila iwashwapo, kabla mwenyewe hajaandika hata herufi moja, mfumo unaoitawala huvikagua viungo vyake.

Mwaka 1994 Thomas Nicely, profesa wa hisabati katika chuo cha Lynchburg, Marekani, aliona majibu yake hayapatani. Alizishuku kwanza programu zake mwenyewe (jambo ambalo wanafunzi wangu hulifanya kwa nadra), hata akabaini kwamba kosa limo katika Pentium, prosesa ya kampuni ya Intel. Ndani yake mlikuwa na jedwali la kugawanyia, na baadhi ya nafasi za jedwali hilo ziliachwa tupu.

Chukua 4195835, uigawanye kwa 3145727, kisha jibu ulizidishe kwa 3145727. Utarudi ulikotoka. Pentium yenye kasoro ilipungukiwa na 256! Watengenezaji wa Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, waliitia hesabu hiyo hiyo katika hatua za mwanzo za kuamka kwa mfumo. Tofauti ilipokuwa sifuri, safari iliendelea. Isipokuwa sifuri, mfumo uliandika kwamba prosesa hii ina kasoro ya kugawanya, kisha ukaendelea vilevile, kwa kuwa kazi nyingine zote prosesa iliziweza.

Njia ya kulikwepa shimo ilionyeshwa na Cleve Moler na wenzake. Kabla ya kugawanya, programu iliitazama namba inayogawanya. Ikiwa ni ya hatari, namba zote mbili zilizidishwa kwa 15/16. Jaribu kwa kalamu, msomaji: jibu halibadiliki, lakini namba inayogawanya imehama kutoka penye shimo.

Tarehe 20 Desemba 1994 Intel ilikubali kumbadilishia kila aliyetaka, ikatenga dola milioni 475 kwa kazi hiyo. Wengi hawakuzirudisha prosesa zao, wakaendelea kuzitumia miaka kadhaa.