Limbali ya Masako kwa Wino Mweusi

Kilomita kama 14 kutoka Kisangani, kwenye barabara ya zamani ya Buta, mto Tshopo unapinda na kuuzunguka msitu wa Masako. Ni hekta 2,105, hifadhi tangu 1953. Oktoba, miti ya Ulaya inapopukutisha majani, hapa ni kilele cha mvua na msitu umesimama kijani kibichi.

Sehemu ya kijani hicho ni limbali. Mbegu zake ni nzito, haziendi mbali na mama yao, kwa hiyo mti huo huota kwa makundi na kuifukuza miti mingine. Wanasayansi huuita Gilbertiodendron dewevrei, kwa heshima ya watu wawili. Alfred Dewèvre, Mbelgiji, alikusanya mimea ya Kongo kuanzia 1895, akafia Léopoldville mwaka 1897. Georges Gilbert naye alikuwa mtaalamu wa mimea wa zama za ukoloni. Jean Léonard ndiye aliyempa Gilbert heshima ya jina hilo mwaka 1952.

Mti huu ulifikaje kwenye karatasi?

Tawi lenye maua lilikatwa, likabanwa katikati ya magazeti, likakaushwa haraka kabla ukungu haujalivamia, kisha likasafirishwa hadi Brussels. Mchoraji alililainisha ua kwa maji ya moto, akalipasua, akalitazama kwa hadubini na kuchora kwa wino mweusi kila stameni na kila mshipa wa jani. Mara nyingi hakuwahi kuuona mti wenyewe. Rangi ilikwisha kufifia, harufu imepotea, urefu haujulikani. Hayo yote aliyapata kwenye lebo iliyoambatana na tawi.

Na lebo ilitegemea watu wa kijijini. Wao ndio waliokwea miti, wakataja jina lake la kienyeji na matumizi yake. Michoro ikachapishwa, hasa katika juzuu za flora ya Kongo zilizoanza kutoka 1948 chini ya INEAC, taasisi ya kilimo iliyoundwa 1933. Majina ya waliokwea miti kwa kawaida hayakuchapishwa. Hiyo ni dhuluma, hata kama michoro yenyewe ni mizuri mno.

Vielelezo vya mimea iliyokaushwa vipatavyo 150,000 vimehifadhiwa Yangambi, kilomita kama 100 kutoka Kisangani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani wanaendelea kufanya utafiti Masako. Wanapojaza lebo mpya, waandike pia jina la aliyeukwea mti kwa ajili yao.