Manukato ya Maabara: Safari Ndefu Hadi Bangboka

Bidhaa za ngozi zinazouzwa Kisangani hufika kwa njia tatu. Zipo zinazopanda Mto Kongo kwa boti kutoka Kinshasa, safari ya kilomita zipatazo 1,700. Zipo zinazoletwa kwa malori na pikipiki kupitia msitu wa Ituri. Na zipo zinazoshuka na ndege Bangboka, uwanja ulio kilomita 17 hivi mashariki ya mji. Zikishafika sokoni, mnunuzi hufungua kifuniko, hunusa, ndipo huuliza bei. Pua ndiyo inayotoa uamuzi. Ngozi huulizwa baadaye.

Nyuma ya chupa, baada ya maji, gliserini na mafuta, limeandikwa "parfum". Chini ya neno hilo moja mtengenezaji anaweza kuweka viambato makumi kwa makumi, vingi vikiwa vimeundwa maabara. Namna vilivyoingia kwenye sabuni na losheni ni historia ya miaka 150 na zaidi, na sehemu yake imepita Zanzibar na katika bonde hili la Kongo.

Karafuu yageuzwa vanila

Hadi katikati ya karne ya 19, aliyetaka kunukia alitegemea mmea au mnyama: waridi, asumini, udi, ambari, miski. Mwaka 1868 mkemia Mwingereza William Henry Perkin aliunda kiini cha harufu ya majani makavu bila kuhitaji mmea unaoibeba. Mwaka 1882 kampuni ya Houbigant ya Paris ilikitia katika manukato yaliyoitwa Fougère Royale, na biashara ya harufu ikahamia maabara.

Wajerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann walikuwa wameshaunda vanilini mwaka 1874, wakianzia na utomvu wa misonobari. Baadaye njia rahisi zaidi ikapatikana: mafuta ya karafuu. Ndani yake mna eujenoli kwa wingi. Ukiibadilisha kidogo unapata isoeujenoli, na ukiendelea mbele unapata vanilini. Kwa miongo kadhaa, kabla ya viwanda kugeukia mabaki ya utengenezaji wa karatasi katika miaka ya 1930, vanilini ya viwandani iliyouzwa Ulaya ilitokana kwa sehemu kubwa na karafuu, na soko la karafuu duniani lilishikwa na Unguja na Pemba. Hata makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, hayakutupwa. Yalichemshwa yakatoa mafuta, na Pemba kazi hiyo ingali ikifanywa.

Kisangani haikuwa mbali na biashara hiyo kama ramani inavyoonyesha. Mwaka 1887 Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, aliteuliwa na Mfalme Leopold II kuwa gavana wa Stanley Falls, mahali palipokuja kuwa mji huu. Utajiri wake ulikuwa na mguu mmoja hapa kwenye maporomoko na mwingine katika mashamba yake ya karafuu kisiwani, na kote ulisimama juu ya migongo ya watumwa.

Maabara nazo hazikulala. Mwaka uliofuata, 1888, Mjerumani Albert Baur alikuwa akichunguza baruti za jamii ya TNT alipogundua kwamba moja ya kemikali zake inanukia miski. Miski halisi hutoka kwa paa dume wa milima ya Asia, na bei yake ilikuwa ya wafalme. Miski ya Baur ilikuwa rahisi, na harufu ya kitajiri ikaweza kutiwa katika mche wa sabuni.

Mawese ya Lokutu

Sabuni nayo ilihitaji mafuta. Mwaka 1911 William Lever, tajiri wa sabuni ya Sunlight, alitia saini mkataba na serikali ya Ubelgiji uliompa haki ya kuchagua hadi hekta 750,000 za michikichi katika Kongo. Moja ya vituo vyake vitano iliitwa Elisabetha, kwa jina la malkia wa Ubelgiji. Leo ni Lokutu, katika eneo la Basoko, mkoa wetu wa Tshopo. Wanaume walilazimishwa kukwea michikichi na kukata vishada vyake kwa malipo duni, na mafuta yakateremka mto hadi viwanda vya Ulaya.

Hivyo bonde la Kongo lilitoa mafuta na visiwa vya karafuu vikatoa harufu. Vilikutana kiwandani Ulaya, kisha vikarudi Afrika vimefungwa kwenye karatasi ya rangi.

Ngozi inavyokumbuka

Viini vya manukato ni vidogo mno, ndiyo maana huruka hewani na kufika puani. Udogo huo huo huviwezesha kupenya tabaka la juu la ngozi na kujishika kwenye protini. Kinga ya mwili ikiichukulia protini hiyo kuwa ngeni, huunda chembe za kuikumbuka. Mara ya kwanza huoni kitu. Siku kiini kikirudi, mwasho, vipele na malengelenge hutokea baada ya siku moja hadi tatu, wakati mtu ameshasahau alichopaka. Mzio huo ukishaingia, kwa kawaida hauondoki maishani.

Kuanzia hapa, historia ya manukato ni historia ya sheria zinazofuata nyuma ya vipele. Katika miaka ya 1970, wanawake wengi wa Japani walitokwa na madoa ya kahawia na kijivu usoni. Madaktari walibaini rangi fulani za vipodozi na viini vya harufu kama benzili salisilati, na mnamo 1977 kampuni kubwa za huko zikaanza kuviondoa. Mwaka huo huo Mmarekani Walter Larsen alipendekeza mchanganyiko wa viini vinane vya kupimia mzio wa manukato. Eujenoli na isoeujenoli vimo, na mchanganyiko huo ungali ukibandikwa migongoni mwa wagonjwa hadi leo.

Miski ambreti, ndugu wa miski ya Baur, iligunduliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba huwasha ngozi ikipigwa na jua. Ulaya iliipiga marufuku mwaka 1995. Kuanzia 2005 lebo za Ulaya zililazimika kutaja viini 26 vya mzio vinapozidi 0.001% katika kitu cha kupaka na kuacha, au 0.01% katika kitu cha kuosha. Kimojawapo, Lyral, kiliondolewa kabisa madukani mwaka 2021. Kingine, Lilial, kilifuata Machi 2022, hicho kikishukiwa kudhuru uzazi. Kanuni ya mwaka 2023 imeongeza orodha hadi viini zaidi ya 80.

Si maabara peke yake

Hata hivyo, anayekimbilia "asilia" hajapona. Mafuta ya bergamoti, yaliyotumika katika maji ya Cologne tangu karne ya 18, huacha michirizi ya madoa yakikutana na jua. Mafuta ya mlangilangi, fahari ya Komoro, yamo katika orodha za mzio. Linaloli ya mrehani na limonini ya maganda ya chungwa hubadilika zikikaa na hewa, zikawa kali kuliko zilivyokuwa; chupa iliyofunguliwa miezi mingi kwenye joto la Kisangani si ile iliyonunuliwa. Ngozi haiulizi kiini kilizaliwa shambani au maabara. Kinachohesabika ni kiini chenyewe, kiasi chake na muda kinaokaa mwilini.

Kamati ya wanasayansi ya Umoja wa Ulaya ilikadiria mwaka 2012 kuwa huko Ulaya mtu 1 hadi 3 katika kila 100 ana mzio wa manukato. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, hivyo dalili hupita bila kutambuliwa, lakini doa jeusi linalobaki linaweza kudumu miezi. Wapo wanaolifuta doa hilo kwa krimu nyingine yenye harufu, au kwa mkorogo wa hidrokwinoni, na tatizo likawa mawili.

Anayetaka kujua kama losheni mpya inamfaa anaweza kuipaka kidogo upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku kwa wiki moja au zaidi, kabla ya kuipaka usoni. Mwenye ngozi inayowasha, na mama wa mtoto mchanga, watafute iliyoandikwa "sans parfum". Vipele vikitokea, mtumiaji aache na aende na chupa yenyewe kwa daktari.

Lakini mnunuzi hawezi kujilinda dhidi ya asichoandikiwa. Viwanda vinavyouza Ulaya tayari huchapa orodha ya viini hivyo, kwa hiyo gharama ya kuiweka kwenye chupa zinazokuja huku ni ndogo. Ofisi ya Udhibiti ya Kongo (OCC) ndiyo yenye kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini. Kudai orodha hiyo mpakani, bandarini na Bangboka ni hatua ambayo haihitaji maabara mpya wala kusubiri kizazi kingine cha madoa.