Kiinua Mgongo Mkononi, Pensheni kwa Ahadi

Mwaka 1964, miaka 46 baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha, Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa askari wa Kiafrika waliopigana chini ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck katika ardhi ambayo leo ni Tanzania. Jenerali mwenyewe alikuwa amefariki Machi mwaka huo huo. Husimuliwa kwamba ofisa wa benki alitumwa Mwanza, akafungua ofisi ya muda, na wazee wapatao 350 wakajitokeza. Wachache tu walikuwa na karatasi. Wengine walileta vipande vya sare iliyochakaa, wengine hawakuwa na kitu. Ofisa akampa kila mzee ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani aushike kama bunduki. Bega! Miguu pamoja! Hakuna hata mmoja aliyekosea.

Wanaopenda kisa hiki hukipendea nidhamu ya askari. Mimi nakisoma kama habari ya uhakiki. Mstaafu yeyote aliyewahi kupanga foleni na kitambulisho, picha mbili za pasipoti na barua ya mtendaji wa mtaa, ili tu athibitishe kwamba bado yu hai, anamfahamu vizuri yule mzee wa Mwanza na ufagio wake begani. Nao askari walibahatika. Wapagazi waliokufa kwa maelfu upande wa Waingereza katika vita ile ile waliacha mishahara ambayo jamaa zao hawakuiona. Kilichobaki ni jina la kikosi chao, Carrier Corps, ambalo sisi tunalitamka Kariakoo.

Neno kiinua mgongo lina picha ndani yake. Mtu ameinama kutwa juu ya jembe au chini ya gunia. Kazi ikiisha anapewa kitu cha kumwezesha kusimama wima. Anakipokea pale pale, mkononi. Pensheni ni mnyama mwingine. Hiyo unaahidiwa ukiwa kijana na kuifuata ukiwa mzee, na katikati hapo serikali hubadilika, fedha hubadilika na sheria hubadilika. Ukitaka kujua kwa nini wafanyakazi wa Tanzania walikuja juu mwaka 2018 kwa sababu ya kitu kiitwacho kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, anzia kwenye tofauti hiyo.

Serikali ya kikoloni ilipanga uzee wa watumishi wake kwa ngazi. Juu walikaa wenye ajira ya kudumu, ambao sheria ya 1954 iliwapa pensheni kutoka hazina bila wao kukatwa hata senti. Chini yao walikuwa watumishi wasio na haki hiyo. Hao walikuwa na mfuko wa akiba uliowekwa kisheria 1942, na wenzao wa serikali za mitaa wakapata wao 1944. Mkata mkonge wa Tanga, kuli wa bandarini na mpishi wa nyumbani hawakuwemo popote. Waajiri walichukulia kwamba mtu akichoka atarudi kwao, na kwao kuna shamba na watoto.

Ndipo mwaka ule ule wa mafagio, 1964, nchi changa ikatunga sheria ya Mfuko wa Taifa wa Akiba, NPF. Mfanyakazi akatwe asilimia 5 ya mshahara, mwajiri aongeze nyingine 5. Kenya ikafuata na mfuko wake 1965, Uganda 1967. Mpango ulieleweka hata kwa asiyesoma: ulichokatwa kinaandikwa kwa jina lako, kinaongezewa riba kidogo, na umri ukifika unapewa chote. Kwa miaka 33, mpaka NPF ilipogeuzwa kuwa NSSF mwaka 1997, wafanyakazi wa kawaida walizoea kwamba fedha ya uzee hutoka mara moja.

Ubaya wake ni kwamba fedha iliyolala hunyauka. Mwaka 1985 dola moja ilibadilishwa kwa shilingi 17 hivi. Kufikia 1990 ilikuwa inakaribia 200. Aliyeanza kukatwa miaka ya 60 alikuja kulipwa shilingi za jina lile lile, ila nguvu yake imekwisha. Hakuna aliyemwibia. Daftari lilikuwa sahihi, hesabu ilikuwa sahihi, na bado alitoka dirishani akishangaa.

Halafu kuna habari ya Jumuiya, na hii wazee wa reli na bandari hawaisimulii bila kubadilika sauti. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Reli, bandari, posta na simu, ndege, vyote viligawanywa. Mpatanishi, Mswisi aitwaye Victor Umbricht, alitumia miaka kupima mali, na Mei 1984 nchi tatu zikatia saini mkataba: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Ndani ya mkataba huo kila nchi ilikubali kubeba pensheni na mafao ya raia wake waliotumikia Jumuiya. Kwa upande wa Tanzania ahadi hiyo ilifika mahakamani. Wastaafu zaidi ya 31,000 walikuwa kwenye kesi iliyofunguliwa Mahakama Kuu mwaka 2003. Mwaka 2005 wakatia saini hati ya maridhiano na Serikali. Malipo yakaanza, na ugomvi ukazaliwa upya juu ya nani kalipwa kiasi gani na nani kapunjwa. Ikafika mahali wazee wenye mikongojo wakaketi katikati ya barabara za Dar es Salaam na magari yakasimama. Waliokuwa vijana wakati Jumuiya inavunjika walikuwa sasa wanazikana wao kwa wao, na madai yakihamia kwa wajane na watoto, kila mmoja akihitaji barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani kabla hajasogea dirishani.

Kijana aliyeajiriwa baada ya Jumuiya kuvunjika aliona shilingi ikinyauka na wazee hao wakisubiri, hata kabla kesi yao haijafunguliwa. Kwa hiyo mwaka 1999 watumishi wa umma walipoanza kukatwa mchango kwa ajili ya mfuko wa PSPF, kilichowavutia hakikuwa malipo ya kila mwezi. Kilikuwa mkupuo: nusu ya pensheni yako yote, inayotolewa siku ya kwanza. (Waliokuwa kazini kabla ya 1999 hawakuwa wamechangia lakini miaka yao ilihesabiwa, na deni hilo liliulemea mfuko kwa muda mrefu; mwaka 2021 Serikali ililipa sehemu yake kwa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17.)

Sasa tushike kalamu. Mwalimu anastaafu na mshahara wa shilingi 1,200,000 baada ya miaka 30, yaani miezi 360. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF unachukua mshahara wa mwaka, shilingi 14,400,000, unazidisha kwa 360, unagawanya kwa 540. Unapata 9,600,000: hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Nusu yake inazidishwa kwa 15.5 na kuwa mkupuo wa shilingi 74,400,000. Nusu iliyobaki inagawanywa kwa miezi 12, naye analipwa 400,000 kila mwezi hadi afe.

Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa kuwa mfuko mmoja, PSSSF, na kanuni mpya zikaja. Kigawanyo kikawa 580 badala ya 540, kizidisho 12.5 badala ya 15.5, na mkupuo asilimia 25 badala ya 50. Tuseme mshahara wa kukokotolea umebaki ule ule. Mwalimu yule yule anaondoka na mkupuo wa takriban shilingi 27,930,000, na malipo ya mwezi yanapanda hadi kama 558,600. Wataalamu walisema, na hawakusema uongo, kwamba mzee huyu amelindwa: hatamaliza fedha zake kwa mwaka mmoja. Lakini walimu wanajua hesabu. Mkupuo umepungua kwa shilingi milioni 46 na nusu, mwezi umeongezeka kwa 158,600 hivi. Gawanya. Inamchukua miezi 293 kurudisha kilichoondoka, miaka zaidi ya 24. Aliyestaafu akiwa na miaka 60 anatakiwa afike 84 ndipo awe sawa na mwenzake aliyemtangulia. Na anatakiwa aamini kwamba muda wote huo shilingi itatulia, mfuko utakuwa na fedha, na hakuna atakayefuta jina lake kwa kukosa uhakiki.

Tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli alikutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi na kusimamisha kanuni hizo. Za zamani ziendelee hadi 2023. Julai 2022 kikaja kikokotoo cha asilimia 33 kwa wote. Kikapandishwa tena katika bajeti ya Juni 2024: asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50 hapo zamani, na 35 kwa wale wa mifuko mingine waliokuwa wakipata 25. Kwa mwalimu wetu, 40 maana yake ni mkupuo wa shilingi milioni 44.7 hivi. Sijui neno lingine la hesabu lililowahi kuingia kwenye mazungumzo ya vijiweni kwa kasi ya hili. Watu waliokuwa hawajui bima ni nini wakawa wanabishana juu ya 580.

Haya yote, lakini, ni habari za wachache. Wazee wengi wa nchi hii walilima, walivua, walichunga. Hawakuwahi kuwa na mwajiri wa kuwakata. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliwatajia matibabu bila malipo kwa wasio na uwezo, na ndipo tukaanza kuona dirisha la wazee hospitalini. Zanzibar ilikwenda mbele zaidi: tangu Aprili 2016 kila mkazi aliyetimiza miaka 70 analipwa pensheni jamii, awe alikuwa mwalimu au mchuma karafuu. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni ndogo, ila ni yake, na haina kigawanyo.

Baba yangu alistaafu ualimu mwaka 2009, kwa kanuni ya zamani. Mkupuo wake naujua ulikokwenda kwa sababu aliuandika kwenye daftari la mistari, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni. Bati za nyumba, bando tano. Saruji. Pikipiki ya kubeba abiria, ambayo ilidumu miezi minane. Kisha ukurasa mzima wa majina ya ndugu na kiasi mbele ya kila jina, na safu ya tatu aliyoipigia mstari kwa rula, yenye kichwa "Amerudisha". Safu hiyo ni nyeupe. Ninapomtania juu yake husema zile si deni, zile ni mazishi yake: hao ndio watakaombeba.

Pensheni ya kila mwezi, aliyoidharau wakati ule, ndiyo inayomnunulia dawa za presha leo. Hilo analikubali, kwa sauti ndogo. Wosia wake pia upo. Aliuandika kwa kalamu ya wino kama Sheria ya Mila ya 1963 inavyotaka, mbele ya mashahidi, na nakala mbili alizitoa nje ya nyumba, kwa kuwa alishaona wosia wa jirani ukiliwa na mchwa.

Mwaka jana dada yangu, naye mwalimu, alikuja nyumbani na kukokotoa mafao yake kwenye simu. Alianza na 33, akajaribu 40, akashusha pumzi.

"Na hiyo ya mwezi watakupa mpaka lini?" Baba akauliza.

"Mpaka nife, Baba."

Mzee akainuka polepole, akaingia chumbani. Tulisikia sanduku la bati likivutwa chini ya kitanda. Alirudi na bahasha ya kaki iliyolainika pembeni, akatoa karatasi moja na kuiweka juu ya simu ya dada: barua yake ya kuthibitishwa kazini, ya mwaka 1973, muhuri bado unasomeka.

"Hii ndiyo waliyoniuliza kwanza kabla ya yote," akasema. "Ya kwako iko wapi?"

Dada alitazama barua, akanitazama mimi, kisha akaanza kumpigia mumewe simu.