Nguo za Watoto wa Zama za Kati: Nyuma ya Kigauni Kizuri Kuna Kaburi

Kuna wazazi huko Ulaya na Marekani ambao kumvalisha mtoto kizamani kwao siyo utani. Katoto ka miaka mitatu kanashonewa gauni la sufu kama la mwaka 1400. Zipu hakuna, lastiki hakuna, cherehani hata haisogezwi karibu. Ni sindano na uzi, mkono kwa mkono. Ukiona picha unasema "jamani katoto kazuri", unapita zako. Lakini jiulize: fundi wa leo anajuaje nguo ya mtoto wa miaka 600 iliyopita ilikatwaje?

Maana nguo za watoto wa enzi zile karibu zote zimepotea, na sababu unaijua hata nyumbani kwenu. Mkubwa akikua anamwachia mdogo, ikichanika inapigwa kiraka, ikishindikana kabisa inageuka tambara. Michoro ya zamani ipo, sawa, ila inaonyesha nguo kwa nje tu. Mshono wa ndani umepitaje, haikwambii.

Jibu kubwa lilitoka sehemu ambayo wengi hawaitegemei: Greenland. Kusini kabisa mwa kisiwa hicho kuna mahali panaitwa Herjolfsnes. Waliishi hapo wafugaji, wazao wa Waviking waliohamia Greenland kutokea Iceland kuanzia karibu mwaka 985. Mwaka 1921 wachimbaji kutoka Denmark walifika kuchimba makaburi ya kanisa lao, kwa sababu bahari ilikuwa inayamega kidogo kidogo. Kwenye udongo ulioganda kwa baridi wakakuta nguo. Za mwilini karibu 30, hudi 17, kofia, soksi ndefu. Na ndani ya mzigo huo kulikuwa na nguo za watoto.

Zilifikaje kaburini? Mbao Greenland zilikuwa adimu, miti mikubwa hakuna. Wengi hawakupata jeneza, walizikwa wamefungwa ndani ya nguo. Baridi ikazitunza. Leo nyingi ziko Makumbusho ya Taifa ya Denmark, na vipimo vyake vimechapishwa. Kwa hiyo fundi anayetafuta mkato halisi wa nguo ya mtoto, mara nyingi anafuata nguo iliyotoka kwenye kaburi.

Sasa tuingie kwenye ufundi wenyewe. Kitambaa kilifumwa nyumbani na wanawake, tena kwa sufu ya kondoo wao. Kuanzia kunyoa, kusokota uzi mpaka kufuma, hiyo ni kazi ya muda mrefu, kwa hiyo kitambaa hakichezewi. Badala ya kukata mduara mkubwa na kutupa mabaki, walikata vipande vilivyonyooka, halafu wakaingiza vipande vya pembetatu katikati na ubavuni. Juu nguo inakaa mwilini, chini inafunguka. Mtoto anakimbia, anachuchumaa, haimbani. Halafu kingo zikazungushiwa mishono midogo sana ili zisifumuke.

Na hapa ndipo panaponoga. Mwaka 1960 mwanahistoria mmoja wa Ufaransa alitoa kitabu kilichosema kwamba Zama za Kati hazikuwa na wazo la utoto kama tunavyolijua sisi. Moja ya hoja zake ilikuwa mavazi: mtoto akishatoka kwenye vitambaa vya uchanga, anavalishwa kama mtu mzima mdogo. Wanahistoria wengi baadaye walimpinga. Ukiangalia nguo za Herjolfsnes unaelewa kwa nini. Ni kweli, za watoto zimekatwa kwa mtindo wa wakubwa. Lakini fikiria kidogo. Mtoto anakua, nguo atavaa mwaka mmoja au miwili tu. Ingetosha kumkatia gunia lenye mashimo ya mikono. Bado mtu alikaa, akakata pembetatu ndogo ndogo, akaziunga moja moja. Huko siyo kumpuuza mtoto. Huko ni kumpa kazi kamili kama ya mkubwa.

Halafu mtoto akafa. Nguo ambayo ingeweza kwenda kwa mdogo wake ikaachwa imfunike yeye, kwenye nchi ambayo sufu ndiyo iliyokuwa inakuokoa na baridi. Jina la aliyeishona hakuna anayelijua, wala la mtoto. Kilichobaki ni mshono.

Kitu kingine: nguo zile zimetoka ardhini zikiwa za kahawia, na filamu nyingi nazo zinawavalisha watu wa kale rangi ya tope. Kumbe udongo ndio umezibadilisha. Maabara imekuta mabaki ya rangi kwenye baadhi yake, nyekundu na buluu zikiwemo.

Kwa hiyo ukikutana tena na picha ya katoto kamevaa hudi la sufu, kazuri kweli, ila angalia na mshono. Kuna mama alishaupitisha hivyo hivyo, kwa mtoto ambaye hakukua.

Je, nyumbani kwenu kuna nguo ya mtoto iliyotunzwa mpaka leo? Ya nani? Dondosha maoni yako hapa chini.