Sababu za Uingereza kubadili kanuni za umeme wa upepo baharini

SEPTEMBA 2023, serikali ya Uingereza ilipotangaza matokeo ya mnada wake wa tano wa kawi safi, ilibainika kwamba hakuna kampuni hata moja iliyojitokeza kujenga mitambo ya upepo baharini. Upepo ulikuwa ungali unavuma katika Bahari ya Kaskazini. Kasoro ilikuwa katika bei.

Mnada huu si kama ule wa ng'ombe au gari kuukuu, ambapo anayetaja bei ya juu ndiye huondoka na mali. Hapa hushinda aliye tayari kuuza umeme kwa bei ya chini. Chini ya Sheria ya Kawi ya 2013, mshindi hutia sahihi mkataba na kampuni inayomilikiwa na serikali na kuhakikishiwa bei maalumu. Bei ya soko ikishuka chini ya hiyo, hulipwa pengo lililopo. Ikipanda, yeye ndiye hurejesha ziada. Mwenye kubeba mzigo, na mwenye kunufaika pia, ni mteja wa kawaida kupitia bili ya stima. Bei ya gesi ilipopaa mwaka 2022, baada ya Urusi kuvamia Ukraine, baadhi ya wazalishaji walijikuta wakirudisha fedha.

Hata hivyo, serikali huweka kikomo ambacho bei haiwezi kupita. Katika mnada huo wa 2023, kikomo kilikuwa pauni 44 kwa kila megawati moja inayozalishwa kwa saa moja, kwa thamani ya fedha ya 2012. Wakati huo bei ya chuma na riba za mikopo zilikuwa zimepanda, na mitambo hii ni ghali kupindukia. Mmoja kati ya ile 365 iliyoko Loiyangalani, Marsabit, hauzalishi hata megawati moja. Ile mipya ya baharini hupita megawati 10. Julai 2023, kampuni ya Vattenfall kutoka Uswidi ilisimamisha mradi wake wa Norfolk Boreas, ikieleza kuwa gharama zimeongezeka kwa hadi asilimia 40. Onyo hilo halikusikizwa.

Novemba mwaka huo, serikali ilisalimu amri na kupandisha kikomo hadi pauni 73. Mnada wa Septemba 2024 ukapata washindani, na bei zikatua kati ya pauni 54 na 59. Yaani kikomo kilipolegezwa, ushindani wenyewe uliishusha bei.

Denmark, iliyojenga mitambo ya kwanza ya baharini duniani huko Vindeby mwaka 1991, ilijifunza kwa njia ngumu zaidi. Ilitaka kampuni zijenge bila ruzuku, tena ziipe serikali asilimia 20 ya umiliki. Desemba 2024 haikupokea ombi lolote kwa maeneo matatu ya Bahari ya Kaskazini, na mwaka uliofuata ikakubali kurejesha ruzuku. Ujerumani nayo iliambulia patupu Agosti 2025.

Kwa Uingereza, kushinda mnada hakujawa hakikisho la ujenzi. Mei 2025, kampuni ya Orsted ilijiondoa katika mradi wa Hornsea 4, wa megawati 2,400, ingawa ilikuwa tayari na mkataba wa 2024. Katika mnada wa saba, muda wa mikataba uliongezwa kutoka miaka 15 hadi 20, ili gharama zigawanywe kwa kipindi kirefu. Wateja nao watafungwa na bei hizo kwa miaka mitano zaidi.