Jina Lililochelewa Kupanda Ufipa

Kwetu Sumbawanga mtoto asiyetulia ana majina mengi. Akipanda juu ya kila kitu ni mtundu. Akitoroka shule ni mtoro. Akianza kazi kumi asimalize hata moja ni mvivu, akisahau alichotumwa dukani ni bwege, na akikurupuka kujibu kabla swali halijaisha basi ana mapepe. Mwalimu mkali atamwita kichwa maji. Yote hayo ni majina ya tabia. Hakuna hata moja ambalo ukilipeleka hospitali daktari ataliandika kwenye kadi.

Jina la hospitali lipo, nalo ni herufi nne: ADHD. Kwa kifupi ni hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kuuelekeza umakini wake anapotaka, au ashindwe kutulia na kujizuia, au vyote viwili, tangu utotoni, kiasi cha kumharibia masomo, kazi na maisha ya nyumbani. Nataka tufuatilie, ndugu msomaji, jina hili lilitoka wapi na kwa nini lilichukua miaka mingi hivyo kupanda mlima hadi kwetu. Sifanyi hivyo kwa kupenda historia tu. Dada yangu alilipata akiwa na miaka 34.

Wazungu wenyewe hawakulipata kwa siku moja. Mwaka 1798 daktari Mskoti, Alexander Crichton, alitoa kitabu juu ya maradhi ya akili, na ndani yake akaweka sura nzima kuhusu umakini na jinsi unavyoharibika. Katika miaka ya 1840 daktari wa Frankfurt, Heinrich Hoffmann, alimtungia mwanawe kitabu cha picha, na baadaye akaongeza humo kisa cha Philipp, mtoto asiyeweza kukaa kitini wakati wa chakula hadi anavuta kitambaa cha meza na vyombo vyote chini. Wajerumani waliwasomea watoto wao kisa hicho kama onyo. Sitashangaa kama baadhi ya wale waliokuja kututawala walilelewa nacho.

Halafu mwaka 1902, mjini London, daktari wa watoto George Still akatoa mihadhara juu ya watoto ambao akili zao zilikuwa nzima lakini hawakuweza kujizuia. Adhabu haikuwasaidia, aliona. Aliita hali hiyo upungufu wa kujitawala kimaadili. Litazame neno hilo la mwisho. Hata daktari, akiwa ameshaona kwamba si malezi mabaya peke yake, bado aliazima neno la padri.

Sasa mwaka huohuo wa 1902 kwetu kulikuwaje? Ufipa ilitawaliwa na Wajerumani kutoka boma la Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Huko Karema mapadri wa White Fathers walikuwa wameshakaa tangu 1885, na walikuwa na daktari ambaye habari zake ningependa kila kijana wa Rukwa na Katavi azijue: Adrian Atiman, mzaliwa wa upande wa Timbuktu, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na mapadri, akasomea udaktari Malta, akaja Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 na kutibu watu hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Daktari kama huyo alikuwa na homa, vidonda na malale mbele yake. Mtoto aliyekuwa akirukaruka huku ana afya alikuwa heri tupu! Nani angempeleka kwa daktari?

Hospitali za akili nazo hazikumhusu. Lutindi huko Usambara ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1904, na Mirembe ya Dodoma ikafunguliwa 1927. Kwa maoni yangu, kama hospitali za akili, zote mbili zilimlenga mtu ambaye jamii imeshindwa kukaa naye. Mtoto mzubaifu jamii inakaa naye tu, tena miaka yote.

Kuna watu hupenda kusema kwamba zamani ADHD haikuwapo Afrika, kwamba imeletwa na shule na miji. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Mwanahistoria Kathleen Smythe, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu familia za Nkansi, anaeleza jinsi watoto wa Kifipa walivyokuwa wakilelewa na watu wengi, si baba na mama peke yao. Bibi na babu walikuwa na nafasi kubwa sana. Mtoto asiyetulia alikuwa na uwanja mpana na macho mengi ya kumwangalia. Lakini tusijidanganye kwa utamu wa zamani. Mchunga mbuzi aliyezubaa mbuzi wakaingia shamba la mtu alichapwa zamani kama anavyochapwa leo. Na ukulima wetu wa intumba si kazi ya mtu wa mapepe: mwisho wa masika unazifukia nyasi kwenye matuta ya mviringo, unaziacha zioze, halafu mvua za msimu unaofuata unayavunja yale matuta na kuusambaza udongo upande nafaka. Leo unafanya, faida unaiona mwakani. Kwa mtu ambaye kesho kwake ni mbali kama Ulaya, hayo ni mateso. Hali ilikuwapo. Ila hapakuwa na mahali ambapo watoto 50 walitakiwa kunyamaza pamoja kwa saa sita, ili asiyeweza aonekane.

Mahali hapo paliletwa na shule. Kwanza shule za misioni, na kengele na katekisimu yake ya kukariri. Kisha likaja Azimio la Musoma la 1974 (mwaka uleule Mkoa wa Rukwa ulipozaliwa), na elimu ya msingi kwa wote, ile UPE, mwaka 1977. Madarasa yakafurika, na walimu wengi walikuwa vijana waliofundishwa haraka haraka ili waweze kutosha. Mambo yakajirudia mwaka 2016 ada zilipofutwa. Siwalaumu walimu hata kidogo. Mwenye wanafunzi 100 mbele yake hana nafasi ya kujiuliza kwa nini mmoja anatazama dirishani.

Chombo alichokuwa nacho kilikuwa fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979, na zile za 2002 zilizopunguza idadi hadi visizidi vinne, zinataka mkuu wa shule ndiye achape au atoe idhini ya maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Kama vitabu hivyo vingetunzwa vizuri, mtafiti angeketi Sumbawanga na kuona majina yaleyale yakirudi wiki baada ya wiki, kosa lilelile, dawa ileile isiyoponya. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya ADHD ya Ufipa. Iliandikwa na watu ambao hawakujua wanachokiandika.

Huku sisi tukiandika viboko, wenzetu walikuwa wakibadilisha jina. Mwaka 1937 Charles Bradley, huko Rhode Island, Marekani, aliwapa watoto 30 dawa ya kuchangamsha mwili, akashangaa kwamba wengi walitulia na kusoma. Dawa ya Ritalin ikaingia sokoni 1954. Mwaka 1968 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulizungumzia mtoto anayehangaika tu, yaani utukutu ndio ulikuwa ugonjwa wenyewe. Ndipo Virginia Douglas wa Montreal akasema mwaka 1972 kwamba tunatazama miguu wakati tatizo liko kwenye umakini. Mwongozo wa 1980 ukamsikiliza: mtoto aliweza kuwa na tatizo hili bila kurukaruka hata kidogo. Herufi nne tunazotumia leo ni za 1987.

Hapo kwenye 1980 naomba tusimame kidogo, maana ndipo wasichana walipoingia. Mvulana mtukutu anavunja dirisha, kila mtu anamjua. Msichana mwenye hali hiyohiyo mara nyingi anakaa kimya, mawazo yake yako Mpanda, na akiamshwa anatabasamu. Anapoteza kalamu na daftari. Anaunguza maharage huku amesimama palepale jikoni. Huyo ndiye dada yangu. Siku moja alitumwa bombani na ndoo, akarudi mikono mitupu akiwa na habari ndefu ya kinyonga aliyemwona njiani. Alichapwa kwa ajili ya ndoo. Habari ya kinyonga hakuna aliyeisikiliza, nami naikumbuka hadi leo.

Na utu uzima je? Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba mtoto huyaacha haya akibalehe, kama meno ya utoto. Wa kwanza kulipinga hilo kwa nguvu alikuwa Paul Wender wa Utah, ambaye mwaka 1976 pamoja na wenzake walitoa ripoti juu ya watu wazima. Kisha Gabrielle Weiss na Lily Hechtman wa Montreal waliwafuatilia watoto hadi wakawa watu wazima, wakatoa kitabu mwaka 1986: wengi walikuwa bado wanayo. Kilichobadilika ni sura. Kurukaruka hugeuka kuwa wasiwasi wa ndani, kuacha kazi moja kwenda nyingine, madeni, miadi iliyosahauliwa, ndoa yenye ugomvi wa vitu vidogovidogo.

Dada alifukuzwa kazi mara tatu, na si kwa wizi wala ulevi. Mwaka 2021 mwanawe wa miaka 8 alipelekwa kliniki moja mjini Dar es Salaam kwa ushauri wa mwalimu. Daktari akawa anasoma maswali juu ya mtoto: je, hupoteza vitu? Je, huonekana hasikii anapoongeleshwa? Je, huacha kazi katikati? Dada akasema, "Daktari, samahani, hayo maswali unauliza juu yake au juu yangu?" Si jambo la ajabu. Hali hii hurithiwa sana. Tafiti za mapacha zinakadiria asilimia 70 hadi 80. Wazazi wengi hujijua kupitia watoto wao.

Lakini kumpima mtu mzima kuna mtego wake. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha ADHD. Kuna maswali na historia. Mwongozo wa 2013 unataka mtoto awe na dalili sita kati ya tisa za upande mmoja; mtu wa miaka 17 na zaidi zinatosha tano. Ziwe zimedumu miezi sita au zaidi, zionekane mahali zaidi ya pamoja, mathalani nyumbani na kazini, na baadhi ziwe zilionekana kabla ya miaka 12. Tena daktari aondoe kwanza mambo mengine yanayofanana nazo: masikio, macho, usingizi, njaa, hofu, sonona, kifafa kile cha kuduwaa. Kwetu aulize pia degedege. Bonde la Rukwa lina joto na malaria kuliko huku juu kwenye baridi, na tafiti za Uganda zilizofanywa na kina Paul Bangirana, Richard Idro na wenzao zimeonyesha kwamba malaria ya ubongo huweza kumwachia mtoto tatizo la umakini kwa miaka. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, utafiti uliotolewa 2017 uliwakuta na ADHD watoto 11 katika kila 100 waliohudhuria kliniki za mishipa ya fahamu na za akili. Hao ni watoto wa kliniki, si wa mtaani. Duniani kwa jumla makadirio ni kama 5 katika kila 100.

Basi daktari akamuuliza dada: una ushahidi gani wa utotoni? Watu wa Ulaya hupiga simu shuleni. Sisi tulimpigia mama. Akafungua sanduku lake la bati, akatoa ripoti za shule ya msingi za 1996 hadi 2000, akamwomba jirani azipige picha na kuzituma. Miandiko ya walimu tofauti, sentensi karibu ileile: ana akili ila anazubaa, ajitahidi kutulia, hamalizi kazi. Daktari alizisoma zote taratibu. Kwa mama haikuwa furaha. Aliponipigia usiku ule aliniuliza, "Mwanangu, mbona waliandika miaka yote hiyo na hakuna aliyeniita?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Watu wa mbali wakisikia mtu katoka Sumbawanga anasumbuka kichwa hukimbilia uchawi, eti kalogwa. Inachosha. Jina lenyewe la mji, kama wazee wanavyolieleza, ni amri ya kuutupa huo uchawi. Kilichotukosesha majibu ni uhaba wa wataalamu, na maradhi ya akili ya watoto kutazamwa kama anasa ya mijini.

Jina sasa limepanda. Orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, inatumia herufi zilezile nne. Dawa ni habari nyingine: mwaka 2019, na tena 2021, kamati ya Shirika hilohilo ilikataa kuiweka methilfenideti, ile iliyomo ndani ya Ritalin, kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa hoja kwamba ushahidi wa faida yake haujatosha. Madaktari wengi hawakubaliani nayo. Dawa isiyo kwenye orodha hiyo mara nyingi haifiki zahanati za kwetu, na mtu huambiwa aitafute mwenyewe kwa bei ya duka.

Dada hakuitafuta. Ana daftari dogo shingoni, limefungwa kwa kamba ya viatu, na simu inamlilia kila saa. Mwanawe kahamishiwa dawati la mbele, mbali na dirisha, na mwalimu anamtuma kufuta ubao kila anapoanza kuhangaika. Zile ripoti mama ameziomba zirudishwe sandukuni.